Mama, kadi yake iko wapi?

Leo asubuhi nilikuwa kliniki ya mifugo na mbwa wangu Bisi kwa ajili ya chanjo zake za mwaka, nimekaa zangu pale kwenye benchi la nje nasubiri zamu, mara akaingia mdada mmoja na kitoto cha mbwa kwenye boksi la biskuti, kadogo kweli, kamejikunja kwenye kanga, macho tu ndo yanaonekana. Dokta akatoka, akakashika shika tumbo, akakaangalia fizi, alafu akauliza, dada kadi yake iko wapi? Na yule dada akajibu bila wasiwasi kabisa, ameshachanjwa dokta, aliyeniuzia kaniambia kapigwa sindano zote.

Moyo ukanilipuka paa. Maana hayo ndo maneno yangu mimi, neno kwa neno, niliyoyasema kwenye kliniki hiyo hiyo mwaka juzi nikiwa na kitoto changu cha mbwa Kashata mikononi. Watu wengi walionifahamu kipindi kile wameniomba niandike nini kilitokea na nimekuwa nashindwa, kila nikianza naacha, ila leo baada ya kumuona yule dada nimerudi nyumbani nimekaa nikasema naandika yote, hata kama ni marefu.

Kashata tulimnunua barabarani, pale wanaposimama vijana na vitoto vya mbwa wamevipakata vifuani ukipita na gari wanakuonyesha dirishani. Watoto wangu walikuwa wanalilia mbwa kwa muda mrefu na baba yao alikuwa amekubali kwa sababu mtaani kwetu huku Tabata wezi walikuwa wameanza kuruka kuta usiku. Yule kijana akatuambia ana miezi miwili, mama yake chotara wa jemani shepadi, ameshapigwa sindano zote mama, we kazi yako ni kumlisha tu. Alikuwa na rangi ya kahawia na madoa meupe kama nazi kwenye kashata, jina wakampa watoto kabla hatujafika nyumbani.

Baada ya wiki hivi jirani akaniambia kuna mtaalam anapita na pikipiki anachanja majumbani, nikasema afadhali nimuongezee nyingine ili niwe na amani. Akaja mchana, jua la saa nane, akapaki pikipiki, akatoa kichupa mfukoni mwa shati. Mfukoni mwa shati jamani. Alinipa nikishike wakati anafungua bomba la sindano na nakumbuka kilikuwa cha moto, kama yai ambalo kuku kaliacha sasa hivi. Akachoma, akasema huyu sasa amemaliza, akapokea hela yake akaondoka, hakuandika popote wala mimi sikuuliza. Sikujua kama kuna kitu cha kuuliza.

Hazikupita wiki tatu. Ilikuwa masika, mvua inapiga usiku kucha, Jumatatu Kashata hakunywa maziwa yake asubuhi, nikasema labda baridi. Jioni akatapika povu jeupe. Usiku akaanza kuharisha, na alfajiri kulikuwa na damu, na ile harufu, mtu aliyewahi kuinusa anajua, ni harufu ya damu iliyooza haifanani na kinyesi cha kawaida hata kidogo. Na hapa ndo nilipokosea na nasema ili mwingine asikosee, sikwenda kliniki siku hiyo. Mmoja aliniambia ni minyoo nikakimbia duka la dawa za mifugo nikanunua dawa ya minyoo, akaitapika, mwingine akaniambia mpe flajili kidogo ya binadamu, mwingine akasema mpe uji wenye chumvi na sukari, nikawa nahangaika na kijiko namkoroga mdomoni huku yeye anageuza kichwa pembeni. Ikapita siku nzima na nusu hivyo.

Jumatano asubuhi nikamfunga kwenye taulo nikatoka naye kwenye matope, bajaji ya kwanza ilinikatalia kwa sababu ya harufu, ya pili dereva akaniangalia tu usoni akasema ingia mama. Simjui jina na sijamuona tena, Mungu ambariki alipo.

Dokta wetu ni mdada kijana, kasoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, udaktari wa mifugo pale ni miaka mitano. Alimvuta ngozi ya shingoni kidogo akaiachia, ikabaki imesimama vile vile kama kitambaa, haikurudi. Akaniambia mama ona, hana maji mwilini. Fizi zilikuwa nyeupe. Akachukua kinyesi kidogo kwa pamba akaweka kwenye kile kipimo cha haraka, kinafanana na kile cha malaria cha mistari, tukakaa tunakiangalia, mistari ikatokea miwili. Akasema ni parvo. Alafu ndo akauliza, mama, kadi yake iko wapi? Nikamjibu ameshachanjwa dokta, mara mbili.

Sijasahau alivyonyamaza.

Parvo ni kirusi, na ni kirusi ambacho bibi zetu hawakukijua kwa mbwa wao kwa sababu kilijitokeza duniani mwaka 1978 hivi na ndani ya miaka miwili kikawa kimeenea mabara yote. Kinaingia kwa mdomo, kitoto cha mbwa kikilamba tu chini ambapo mbwa mgonjwa alipita basi imetosha, na baada ya siku kama tatu mpaka saba dalili zinaanza. Kinashambulia utando wa ndani wa utumbo, ule unaofyonza chakula na maji, unachubuka wote, ndo maana inatoka damu, na wakati huo huo kinaingia kwenye uboho wa mifupa kule zinakotengenezwa chembe nyeupe za damu, kwa hiyo mtoto wa mbwa anakuwa amefunguliwa mlango na kunyang'anywa askari kwa wakati mmoja, bakteria wa tumboni wanaingia kwenye damu bila kipingamizi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe kliniki zetu hazina, kinachofanyika ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki kwa ajili ya hao bakteria, joto, na kuomba. Wanaofikishwa mapema na kuwekewa dripu mapema wengi wanapona, hilo dokta alinisisitizia sana, na ndo maana ile siku na nusu ya vijiko vya uji bado inaniuma.

Kashata alikaa kwenye dripu Jumatano yote na Alhamisi. Alhamisi jioni alitikisa mkia mara moja nilipoingia. Ijumaa saa kumi na moja alfajiri simu ikaita na nikajua kabla sijapokea.

Tulimzika nyuma ya nyumba karibu na mpapai, mwanangu mdogo akaniuliza si alichomwa sindano mama, kwanini sindano haikufanya kazi. Nilikuwa sina jibu, kwa hiyo nilirudi kliniki Jumatatu yake bila mbwa, nikakaa, nikamwambia dokta nieleze taratibu. Na alinieleza, kaacha wateja wengine wakasubiri, na nilichoelewa ndo hiki nawaandikia.

La kwanza ni joto. Chanjo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 tangu inapotoka kiwandani mpaka inapoingia mwilini, yani ndege, stoo, duka, friji, kipozeo, njia nzima. Ile ya parvo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kikishapikwa na jua la Dar kwenye mfuko wa shati kimekufa, unachomchoma mbwa ni maji tu. Kwa macho huwezi kujua, kichupa ni kile kile na lebo ni ile ile.

La pili mimi nilikuwa silijui kabisa na naona watu wengi hatulijui. Kitoto cha mbwa kinapata kinga ya mama yake kwenye yale maziwa ya kwanza kabisa, kama mama alikuwa na kinga. Hiyo kinga inamlinda wiki za mwanzo, lakini pia inaigombania chanjo, ukimchoma mapema kinga ya mama inaiua chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Alafu ile kinga ya mama inapungua pole pole, kwa mmoja inaisha wiki ya nane, kwa mwingine ya kumi na mbili, kwa mwingine inafika mpaka kumi na sita, na hakuna anayejua kwa huyu wako ni lini. Ndo maana dozi ni zaidi ya moja! Sio kwamba ya kwanza ni dhaifu na zinaongezewa nguvu, ni kwamba unarudia kila baada ya wiki tatu au nne kuanzia akiwa na wiki sita hadi nane mpaka afikishe wiki kumi na sita, ili angalau moja ikute kinga ya mama imeshatoka njiani. Mbwa aliyechomwa moja akiwa na miezi miwili anaweza kuwa hana kinga kabisa, na mwenye mbwa analala usingizi akijua amemaliza. Mimi nililala usingizi huo.

Kadi ndo kitu pekee kinachoonyesha yote haya. Tarehe, jina la chanjo, kile kistika kinachobanduliwa kwenye kichupa chenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, sahihi na muhuri wa aliyechoma, tarehe ya kurudi. Kama mtu anakuuzia mbwa anasema kachanjwa na kadi hana, muhesabu kwamba hajachanjwa, anza upya. Hakuna madhara ya kuanza upya, dokta kanihakikishia.

Alafu kuna suala la nyumba. Watoto walitaka mbwa mwingine wiki hiyo hiyo na baba yao alikuwa tayari ameshampata, dokta akakataa kabisa. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye mazingira miezi na miezi, kinaweza kufikisha mwaka sehemu yenye kivuli na unyevu, na sabuni ya kawaida hakiogopi, detoli nyingi pia hakiogopi. Kinachokiua ni jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo thelathini vya maji, na lazima kwanza usugue uchafu wote utoke maana jiki kwenye uchafu haifanyi kazi, alafu uiache sakafuni dakika kumi ndo usuuze. Nilisugua baraza, jikoni, bakuli zake nikazitupa, lile taulo nikalichoma moto. Ila uwanja wetu ni mchanga na mchanga huwezi kuupiga jiki ukaisha, unabaki kutegemea jua na muda. Kwa hiyo tukasubiri kuanzia masika mpaka mwezi wa kumi na moja, na hata hapo dokta alisema msilete kichanga, tafuteni aliyemaliza dozi. Ndo tukampata Bisi, jike, miezi minne na nusu, kadi imejaa mistari mitatu ya ile chanjo ya magonjwa matano na mmoja wa kichaa cha mbwa. Nilisoma ile kadi kama mtu anasoma hati ya kiwanja.

Sasa kuhusu kliniki yenyewe, maana wengi mnaniuliza inbox. Wamehama ile fremu ya zamani wako fremu mbili mbele, pana nafasi zaidi, na kuna mabadiliko ambayo mimi kama mteja nimeyapenda. Friji la chanjo sa hivi wamelifungia betri yake, umeme ukikatika linaendelea, na mlangoni kwake kuna kipimajoto na karatasi wanaandika joto asubuhi na jioni, ukiomba kuiona wanakuonyesha. Paka wana chumba chao cha kusubiria, hawakai tena wanatetemeka mbele ya mbwa. Na kama una kitoto cha mbwa kinachotapika au kuharisha usiingie nacho ndani, piga simu kwanza, kaa kwenye bajaji au gari watakuja kukupokea kwa mlango wa pembeni, maana zamani sote tulikuwa tunakaa benchi moja, aliyekuja kuchanja na aliyekuja na parvo, na kwa hicho kirusi benchi moja linatosha. Jumamosi ni siku ya chanjo, Jumapili wamefunga isipokuwa dharura. Na wanakutumia ujumbe wiki moja kabla ya tarehe ya kurudi, mimi wangu ulikuja Ijumaa iliyopita.

Kingine wamepata mikroskopu, na hii imetusaidia sana upande wa kupe. Dar kupe wapo mwaka mzima, mvua au jua, wale wa kahawia wanaopenda mbwa wanaishi ndani ya nyumba yako kabisa, kwenye nyufa za ukuta na chini ya banda, jike mmoja akishashiba damu anadondoka anataga mayai maelfu, ndo maana unamtoa mbwa kupe leo kesho amejaa tena, umemsafisha mbwa lakini ukuta hujaugusa. Na kupe hawa wanabeba vijidudu vya damu. Mbwa wa mama mwenye nyumba yetu alikuwa amenyong'onyea wiki mbili, hali chakula, fizi nyeupe, siku moja akatokwa damu puani bila kugongwa na chochote, watu mtaani wakaanza kusema karogwa. Dokta alichukua tone la damu sikioni akaliangalia pale pale, akaanza matibabu siku hiyo hiyo, dawa za wiki nne, na wiki nne ni nne, wengi tunaacha wiki ya pili tukiona kaanza kula. Huyo mbwa sa hivi anabweka mpaka tunashindwa kulala, na tunashukuru.

Paka nao. Hapa nitasema kwa msisitizo kwa sababu mtaani kwetu paka wanapendwa, kila nyumba yupo, lakini kliniki hawapelekwi, inaonekana paka anajitibu mwenyewe. Mwezi wa nane bibi wa geti jekundu alimshika paka wake masikio akaona ana joto, akasema ana homa, akamsagia Panadol nusu kidonge kwenye dagaa. Alifanya kwa upendo, yule paka alikuwa analala naye kitandani tangu babu afariki. Sasa jamani, joto la kawaida la paka na mbwa ni kama nyuzi 38 mpaka 39, sisi ni 36 na nusu mpaka 37 hivi, kwa hiyo ukimshika mnyama mzima lazima umuone wa moto, hiyo sio homa. Na Panadol kwa paka ni sumu. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, inaharibu damu yake mpaka inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na miguu inavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaua paka mkubwa, na nusu pia inaweza. Bahati bibi alikuja kwangu ndani ya nusu saa kuniambia paka anahema vibaya, nikasema bibi umempa nini, twende. Alipona, alilazwa siku mbili, na kitu kilichosaidia ni kwamba bibi alisema ukweli wote mlangoni, amempa nini na kiasi gani na saa ngapi. Dokta anasema wengi wanaona aibu wanaficha, na muda unaisha wakati anatafuta chanzo. Sema tu. Hakuna atakayekugombeza.

Na zile dawa za kupe na viroboto za kumwagia mbwa mgongoni, usimpake paka hata tone, nyingi zina dawa inaitwa permethrin na paka anaingia degedege. Soma boksi.

Nimesema Bisi leo kachanjwa, ya magonjwa matano na ya kichaa. Hii ya kichaa naomba nisiipite haraka. Mwaka huu mtaa wa nyuma mtoto wa miaka saba aliumwa na mbwa koko akitoka madrasa, mguuni, kidonda kidogo tu, na wa kwanza kufika walitaka kumpaka mafuta ya taa. Kwa bahati mama mmoja muuza chapati alimshika akamkalisha kwenye bomba akamsafisha kwa sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka, robo saa nzima, mtoto analia yeye anasugua tu, alafu wakampeleka hospitali akaanza sindano na akazimaliza zote. Hivyo ndo inavyotakiwa, sabuni na maji dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mchubuko. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinatembea kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, mara nyingi kinachukua miezi miwili au mitatu, na ndani ya muda huo sindano zinakiwahi, lakini dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, hospitali yoyote ile, nchi yoyote ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi Afrika na Asia, na kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa binadamu karibu kesi zote chanzo ni mbwa. Na chanjo ipo tangu 1885, mwanasayansi Pasteur alimchoma kijana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa kule Ufaransa na akapona, miaka yote hiyo jamani, na bado tunazika watoto.

Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa unakosa pa kupita, unakatika wenyewe. Pemba walifanya kampeni za kuchanja mbwa wakafanikiwa kuukata, kisha ukaletwa upya kutoka nje ya kisiwa na ikabidi wachanje tena, kwa hiyo sio kitu cha kufanya mara moja ukasahau. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ndo siku aliyofariki Pasteur, na mwaka huu dokta wetu alipanga meza nje ya ofisi ya serikali ya mtaa akachanja kutwa nzima, watu walileta mbwa kwa kamba za manila, kwa mikanda ya suruali, kijana mmoja kambeba wake begani kama gunia. Waislamu wenzangu wengine walikuwa wanaogopa mate, dokta akawa anawaambia tu walete, mimi ndo nitashika. Na mbwa wa walinzi wa usiku wasio na mwenyewe, yeye na msaidizi wake walizunguka kuwafuata.

Mvua za vuli zinaanza na hapa nawaomba wa mabondeni, Jangwani, Kigogo, Tabata yetu ya kule chini karibu na mto, msiwaache mbwa wanywe maji ya madimbwi. Mkojo wa panya unaingia kwenye yale maji na unabeba ugonjwa wa leptospirosi, ndo ile homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022 mnakumbuka tulivyoogopa. Mbwa anaupata na anaweza kutuambukiza kwa mkojo wake. Kwenye ile chanjo ya magonjwa matano kinga yake imo, ila haidumu, mwaka ukipita lazima irudiwe, ndo sababu kubwa leo nilikuwa pale.

Na anayekuja kukuchanjia nyumbani, muulize. Sio kumdharau, muulize kwa heshima, umesajiliwa? Tuna sheria ya veterinari ya mwaka 2003 na Baraza la Veterinari linasajili madaktari na wasaidizi wao, aliyesajiliwa hakasiriki ukimuuliza. Angalia kama kaja na kipozeo chenye barafu. Angalia kama anaandika. Mwenye mashaka zaidi kuhusu vipimo vikubwa, pale Temeke Veterinari ndo ipo maabara kuu ya serikali ya mifugo, TVLA, dokta wetu sampuli zinazomshinda anapeleka huko.

Basi yule dada wa boksi la biskuti. Dokta hakumgombeza, alimueleza kama alivyonieleza mimi, joto, maziwa ya mama, wiki tatu tatu, na mimi nikajikuta nimesogea nimekaa pembeni yake namuambia kuhusu Kashata, sikupanga, maneno yalitoka yenyewe na machozi kidogo. Akanisikiliza mpaka mwisho akanishika mkono. Kale kadogo kakapimwa joto, kakapimwa uzito, kilo moja na robo, mzima kabisa, wiki nane. Dokta akafungua friji, akatoa kichupa, nikamuomba yule dada akishike. Kilikuwa baridi mpaka kimetoa jasho.

Sindano ilichukua sekunde, hakakulia. Msaidizi akatoa kadi mpya akauliza jina la mbwa niandike nani, dada akasema bado hatujampa, watoto wanabishana nyumbani. Basi akaacha nafasi ya jina wazi, akabandika kile kistika kwenye mstari wa kwanza, akagonga muhuri, akaandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nyekundu. Tarehe 14 mwezi ujao, Jumamosi. Nimemwambia tutakutana hapo, nitakuja hata kama Bisi hana zamu.